JE, WAJUA? Meno ya Maziwa, Mikono Midogo

Saa kumi na moja jioni, Machakos mjini. Mama ameshuka kwenye matatu, amekata kona za Marikiti, amefika deikea kumchukua mwanawe. Kabla hata ya salamu, mtoto anainua mkono: duara la alama ndogo ndogo, bado jekundu. "Ticha, ni nani ameuma mtoto wangu?" Swali hilo huulizwa Katoloni, Tala, Mlolongo na Athi River, na jibu lake ni refu kuliko jina la mtoto mmoja. Leo tunalikatakata vipande.

MENO NA MIAKA

1. Je, wajua kwamba umri ambao binadamu hupiga, husukuma na kuuma zaidi si ujana bali ni ule wa nepi? Richard Tremblay wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, alifuatilia watoto kwa miaka mingi. Yeye na wenzake walikuta kwamba kati ya miezi 17 na 42 vipigo huongezeka kwa watoto wengi, kisha hupungua taratibu kuelekea umri wa shule. Kijana wa miaka 17 angepiga wenzake mara nyingi kama mtoto wa miaka 2, bweni lingefungwa kabla ya chai ya saa nne.

2. Maana yake ni hii: mtoto hahitaji mwalimu wa kumfunza kupiga. Amekuja nako. Anachofunzwa ni kuacha, na somo hilo huchukua miaka, si wiki.

3. Meno ya maziwa ni 20. La kwanza huchomoza karibu na mwezi wa 6, na wengi huyakamilisha wakikaribia miaka 3. Ndio muda uleule ambao visa vya kuuma hujaa kwenye deikea. Fizi zikiwasha, chochote kilicho karibu ni cha kutafunwa: kijiko, leso ya mama, bega la jirani.

4. Je, wajua kwamba Kiswahili kilishagundua jambo hili zamani? Kitenzi ni kimoja: mbwa anauma, na jino linauma. Mtoto anayeota meno yuko katikati ya maana zote mbili. Meno yanamuuma, naye anauma.

5. Watoto wengi hutimiza maneno 50 hivi kabla ya kufikisha miaka 2. Hesabu vitu ambavyo mtoto anaweza kutaka kwa siku moja ndani ya chumba chenye wenzake kumi: kikombe, zamu, nafasi kwenye mkeka, kuachwa peke yake. Maneno 50 hayatoshi. Pale lugha inapoishia, mkono unaendelea na mazungumzo.

6. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuambia "ngoja kidogo", huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Hata makanga anayegombania abiria stejini bado yuko kwenye ujenzi. Mtoto wa miaka 2 ndio kwanza amechimba msingi.

7. Je, wajua kwamba kuna wanasayansi waliorekodi vilio vya watoto kama vile mtu anavyorekodi muziki? Nchini Marekani, James Green na Michael Potegal walishonea vinasa sauti ndani ya nguo za watoto, wakasubiri kisirani kianze. Mwaka 2011 walichapisha walichosikia. Mayowe ya hasira na kilio cha huzuni haviji kwa zamu, vimechanganyika. Hasira hupanda juu ghafla kisha hushuka, huzuni ikiwa chini yake muda wote. Ndiyo maana maswali na mahubiri wakati wa mayowe ni kumwaga mafuta motoni. Nyamaza, kaa karibu, ngoja mlima ushuke. Mtoto mwenyewe atakuja kutafuta bega.

UGOMVI WA KIFUNIKO

8. Tazama kwa karibu. Chumba kimoja nyuma ya soko, sakafu ya saruji, mkeka wa plastiki, watoto 14 na mlezi mmoja wanayemwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Ndoo ya vitu vya kuchezea imejaa, lakini wawili wanakitaka kifuniko kimoja cha mkebe wa kasuku. Wa kwanza anakivuta. Wa pili, wa miezi kama 20, hana neno "rudisha". Ana meno kumi na mawili. Anainamisha kichwa kama anayetaka kubusu, na papo hapo kilio kinatoboa mabati. Susu alikuwa amegeuka kufunga nepi ya mtoto mwingine. Hata hajamaliza upande wa pili.

9. Ugomvi mwingi wa umri huu ni wa vitu, si wa watu. Aliyeuma hakuwa na kisa na mwenzake. Alikuwa na kisa na kifuniko. Dakika tano baadaye wawili hao watalala mkeka mmoja, mguu wa huyu juu ya tumbo la yule.

10. Kwa hiyo chumba kinachochochea vita ni kile chenye vitu kumi vizuri, kila kimoja cha aina yake. Vifuniko vinne vinavyofanana vinaleta amani kuliko gari moja la betri. Machakos haikosi malighafi. Wamunyu, upande wa Mwala, ni chimbuko la uchongaji wa Wakamba: inasimuliwa kwamba Mutisya Munge alijifunza ufundi huo kwa Wamakonde wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani. Vipande vya mbao vinavyobaki kwa wachongaji, vikipigwa msasa hadi visiwe na vibanzi, ni matofali ya kuchezea yasiyoisha. Weka kwenye kiondo.

11. Je, wajua kwamba mahali pa hatari zaidi kwenye deikea mara nyingi ni mlangoni? Penye msongamano pana kusukumana: mlangoni, kwenye foleni ya kunawa mikono, penye sahani. Mlezi anayewapeleka wanne wanne kunawa amezuia ngumi kadhaa bila kusema neno.

12. Homoni ya kotisoli, inayopanda mwili ukiwa na msongo, kwa kawaida hushuka kadiri siku inavyokwenda. Megan Gunnar wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake waliwapima watoto wadogo wakakuta kwamba nyumbani hushuka, lakini deikea, kwa wengi, hupanda kuelekea jioni. Basi ile saa ya mama kuchelewa kwenye foleni ya magari Mombasa Road ndiyo saa ambayo uvumilivu wa mtoto umebaki chembe.

13. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ule wa mchana ukiwemo, wa miaka 3 na 4, saa 10 hadi 13. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili mama awahi zamu ya kiwandani, halafu asilale mchana kwa kelele, ana deni. Deni hilo hulipwa na mwenzake wa jirani.

14. Mwongozo huohuo unasema: runinga na simu, sifuri kwa mtoto wa mwaka 1, kwa wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na chini ya hapo ni bora zaidi. Katuni za kutwa nzima zinaweza kunyamazisha chumba, ila hazimfundishi mtu kuomba zamu.

15. Mkono mmoja haulei mwana. Wahenga walikuwa wamepiga hesabu: mlezi mmoja kwa watoto 14 ana jicho moja kwa kila watoto saba, tena jicho hilo liko kwenye uji unaochemka.

MACHAKOS NA SHERIA

16. Je, wajua kwamba Machakos ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijawa mji? Makao yalihamishiwa Nairobi mwaka 1899, reli ilipoipita Machakos kando. Leo safari imegeuka: Nairobi imemwagikia Mavoko, upande wa Machakos. Athi River ina eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, lililotokana na sheria ya mwaka 1990. Wengi wa wanaoshona nguo humo ni wanawake. Mashine za kushona zinapowashwa, deikea nazo zimeshafunguliwa.

17. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo. Anayeuza mboga Marikiti hana wa kumlipa hata siku moja. Ndiyo maana utakuta mtoto wa miezi 4 amelala kwenye kona ileile ambapo wa miaka 3 anarusha matofali. Umri tofauti, mkeka mmoja. Ukiweza kufanya badiliko moja tu wiki hii, watenge watambaao na wakimbiao.

18. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa mama kunyonyesha kazini. Mwulize mwajiri wako chumba hicho kiko ghorofa ya ngapi.

19. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazitaja wazi kazi za kaunti: elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto ni miongoni mwazo. Kwa hiyo ukiona deikea isiyo na choo wala dirisha, mlango wa kubisha ni wa kaunti. Diwani wako anahusika nayo kama anavyohusika na barabara ya mtaa.

20. Je, wajua kwamba kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001? Miaka 9 baadaye Katiba ikaongeza uzito: Ibara ya 29 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Ibara ya 53 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila namna. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia marufuku hayo. Kofi la deikea si "kurekebisha kidogo". Ni kosa.

21. Uswidi ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kuharamisha kumpiga mtoto mahali popote, hata nyumbani: mwaka 1979.

22. "Nitakuitia polisi!" Tishio hilo halina meno, hata ya maziwa. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Polisi hawana kazi na mtoto wa miaka 3 aliyeng'ata. Ubaya ni kwamba siku akipotea sokoni, mtu aliyefundishwa kumwogopa ndiye anayepaswa kumkimbilia.

23. UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu watoto milioni 400 wa chini ya miaka 5 duniani, yaani 6 kati ya kila 10, hupigwa au hutukanwa mara kwa mara nyumbani kwa jina la nidhamu.

24. Na je, kipigo kinatibu? Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor wa Marekani walikusanya tafiti 75 za miaka 50, zenye watoto zaidi ya 160,000. Kadiri mtoto alivyochapwa zaidi ndivyo ukorofi wake ulivyoelekea kuwa mwingi, si mchache. Ukimchapa mtoto huku unasema "Usipige wenzako!", masikio yanapata somo moja na ngozi inapata jingine. Ngozi ndiyo inayokumbuka.

TUNAYOYAFUNDISHA BILA KUJUA

25. Mtoto amejikwaa kwenye meza, analia. Sisi hufanyaje? "Pole mama! Hii meza mbaya, tuipige!" Paa, paa, meza inachapwa, mtoto anatabasamu kwa machozi. Tumemfundisha nini? Kwamba ukiumia, tafuta wa kupiga. Kesho atakapoumia deikea, meza ya karibu ni uso wa mwenzake.

26. Je, wajua kwamba jaribio maarufu zaidi kuhusu jambo hili lilifanywa kwenye chekechea? Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachukua watoto 72, wavulana 36 na wasichana 36. Baadhi walimtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kupulizwa aitwaye Bobo: ngumi, nyundo, mateke. Walipoachwa na mwanasesere huyo, wengi walirudia vilevile walivyoona, hata maneno yenyewe. Walioonyeshwa mtu mzima mtulivu hawakufanya hivyo.

27. Mjomba amekuja Jumapili. Mtoto anamzaba kofi, mjomba anaanguka kwenye kochi kwa kicheko, "Aisee, huyu ni bondia!" Watu wanapiga makofi. Jumatatu asubuhi bondia anajaribu mchezo uleule kwa mtoto mwingine na hakuna anayecheka. Kwa akili ya miaka 2, ni ticha aliyebadilisha sheria.

28. "Ukipigwa, rudisha." Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, ila una hesabu mbaya: kila kofi linazaa la pili. Kinachomfaa aliyepigwa ni "Acha!" kwa sauti kubwa, na miguu ya kumfikia mlezi. Mfundishe "Acha!" nyumbani, mbele ya kioo, mkono umenyooshwa mbele.

29. "Mng'ate na yeye aone uchungu wake." Jambo atakaloelewa ni moja tu: wakubwa nao huuma.

WENYEJI NA UTAFITI

30. Je, wajua kwamba kijiji cha Kenya kimo katika utafiti mkubwa wa malezi duniani? Katika miaka ya 1950 Beatrice na John Whiting wa Marekani waliratibu uchunguzi wa watoto katika jamii sita. Mojawapo ilikuwa Nyansongo, Kisii. Walikuta kwamba watoto wa mahali ambapo mama ana kazi nyingi na mtoto hupewa majukumu, kama wale wa Nyansongo, walitoa msaada na kujali wadogo kuliko wale wa mji wa Marekani uliokuwa kwenye utafiti huohuo.

31. Je, wajua kuhusu wavulana wa Kijaluo walioosha vyombo? Mwanaanthropolojia Carol Ember alichunguza familia za Nyanza ambazo hazikuwa na msichana mkubwa, hivyo mvulana akapewa kazi za "kike": kumbeba mtoto, kupika, kuteka maji. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973. Wavulana hao walikuwa wapole kuliko wenzao, hasa waliofanya kazi za ndani ya nyumba. Somo kwa deikea: yule mnayemwita mtundu, mpe kazi. Agawe vijiko. Apeleke leso. Ashike mlango wadogo wapite. Mkono wenye kazi haupati nafasi ya kupiga.

32. Njaa nayo ina hasira zake. Ng'ambo ya mto Tana, huko Embu, mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waligawa githeri katika shule 12: kwingine githeri yenye nyama, kwingine yenye maziwa, kwingine yenye mafuta ya ziada, na kwingine hawakutoa chochote ili walinganishe. Watoto wa darasa la kwanza waliokula yenye nyama walichangamka zaidi uwanjani na kuonyesha uongozi katika michezo. Kabla ya kuuliza mtoto ana tabia gani, uliza alikula nini asubuhi. Chai ya rangi peke yake haifikishi saa sita.

33. Tanzania, ambako kiboko bado kinaruhusiwa shuleni, Mabula Nkuba na wenzake waliwafunza walimu wa sekondari za umma mbinu za nidhamu bila fimbo. Matokeo ya mwaka 2018: walimu waliofunzwa walipunguza kupiga. Ikiwa mwalimu mwenye darasa la vijana anaweza kuiweka fimbo chini, mlezi wa watoto wanaomfikia magotini anaweza.

MLEZI AFANYE NINI

34. Aliyeumizwa kwanza. Mtoto anayeuma na kuona chumba kizima kimemkimbilia yeye amegundua kengele ya kuita watu. Mbembeleze aliyeumwa, huku mkono wako mwingine ukimzuia aliyeuma asirudie.

35. Kisha chuchumaa. Sauti inayotoka juu ni ngurumo. Inayotoka usawa wa macho ni maneno. Sema machache: "Hapana. Umemuumiza. Analia." Mtoto wa miaka 2 akipewa hotuba hukumbuka mate yaliyomrukia tu.

36. Mwambie la kufanya, si la kuacha tu. "Usipige!" ni nusu ya sentensi. Nusu ya pili ni "gusa polepole", "sema nipe", "mikono tumboni". Kila kitenzi unachomnyima, mpe kingine badala yake.

37. Je, wajua kwamba Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza? Ibara ya 120 ndiyo isemayo. Na mtoto anaweza kutumia ishara kabla ulimi haujakomaa. Ishara tatu tu, "nipe", "tosha" na "nisaidie", zinaupa mkono kazi ya kusema. Huhitaji kuwa mtaalamu. Kubalianeni ishara zenu na mzitumie kila siku, nyumbani na deikea.

38. Kumtoa mtoto kwenye mchezo kwa muda mfupi husaidia kuanzia miaka 3 hivi, kwa kipimo cha dakika moja kwa kila mwaka wa umri. Wa miaka 3, dakika 3, mahali panapoonekana. Kumfungia stoo au chooni si mapumziko. Huo ni ukatili.

39. Daftari la shilingi ishirini lina nguvu kuliko fimbo. Chora safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika na saa. Baada ya wiki mbili utaona mwenyewe: kila tukio la "mtundu" ni saa tano na nusu, kabla tu ya chakula. Dawa yake ni kuivuta sahani nusu saa mbele.

40. Msifu anapofanya vizuri, tena kwa jina la kitendo. "Umemsubiri mwenzako!" inafundisha. "Mtoto mzuri" haisemi kitu. Watoto wengi hupata macho ya mlezi wakikosea tu, na mtoto mwenye njaa ya kutazamwa atakosea ili atazamwe.

41. Kidonda cha kuumwa: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, weka kitambaa baridi. Ngozi ikipasuka, nenda zahanati. Wazazi huogopa Virusi vya UKIMWI. Ngozi isipopasuka hatari hiyo haipo, na hata ikipasuka ni ndogo mno. Tangu mwaka 2001 chanjo ya pentavalenti, anayopewa mtoto wa wiki 6, 10 na 14, inamkinga dhidi ya homa ya ini ya aina ya B na pepopunda. Kagua kitabu cha kliniki.

42. Jina la aliyeuma lisitajwe kwa mama wa aliyeumwa. Deikea ikimtaja, jioni hiyo ugomvi unahamia kwa watu wazima, na mtoto wa miezi 20 anapewa jina ambalo mtaa hautalisahau. Mwambie kilichotokea, saa ngapi, umefanya nini, na utazuia vipi kesho. Mama wa aliyeuma naye aambiwe, faraghani, bila kumwaibisha.

43. Na lini uwe na wasiwasi? Akiwa na miaka 2 na hajaunganisha hata maneno mawili. Akiwa anajiumiza mwenyewe. Akiwa na miaka 5 na bado anaumiza wenzake kila siku. Akiitwa na hageuki: huenda si ukaidi bali ni masikio, maana usaha wa sikio huziba usikivu kimyakimya. Vituo vya tathmini vya EARC vimekuwapo tangu 1984 kwa ajili ya hayo. Mhamasishaji wa afya ya jamii pia anaweza kukuelekeza. Wahamasishaji zaidi ya 100,000 walizinduliwa Septemba 2023.

44. Na kama anayeumiza ni mtu mzima, piga 116. Ni bure, saa 24.

NENO LA MWISHO, NENO MOJA

45. "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hii imesukumiwa fimbo mkononi kwa miaka mingi. Isome tena: haitaji fimbo. Inazungumzia mtu anayeogopa kilio. Mlezi asiyeogopa kilio hahitaji kupiga, kwa sababu anaweza kusema "hapana" na kukaa pale pale mtoto akilia, bila kumpa kifuniko na bila kumpa kofi.

46. Na je, wajua kwamba mtoto wa Machakos anayekua na Kikamba nyumbani na Kiswahili deikea hukutana na neno moja lenye sura mbili? Kwa Kiswahili, kulea ni kumkuza mtoto. Kwa Kikamba, kulea ni kukataa. Tukirudi kwenye chumba kile nyuma ya soko: Susu alimweka aliyeumwa pajani, akachuchumaa mbele ya aliyeuma, akakichukua kifuniko. "Hapana. Sema nipe." Kilio kikapanda. Susu hakuongeza sauti, wala hakuondoka. Baada ya muda mkono mdogo ukanyooka mbele, kiganja wazi, juu. Susu akaweka kifuniko juu yake, akampa yule mwingine cha pili kutoka kwenye ndoo, akarudi kumaliza nepi. Alikuwa amelea, kwa lugha zote mbili.